Safari Yetu ya Misri: Taabu ya Njiani na Furaha ya Mjini



Mwezi uliopita ukurasa huu haukutoka, na baadhi yenu mliuliza kwa barua na kwa simu kama tu wagonjwa. Alhamdulillahi, hatukuwa wagonjwa, tulikuwa safarini. Na kwa kuwa ada ya ukurasa huu ni kuzungumza nanyi kama wazungumzavyo watu wa nyumba moja baada ya chakula cha usiku, tumeona si vizuri kurejea kutoka mbali kisha tukanyamaza. Basi tutakusimulieni yaliyotufika, mazuri na yasiyokuwa mazuri, na ndani yake limo kosa letu wenyewe. Hilo nalo hatutalificha, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwafundisha wanafunzi wake kuficha.

Sisi ni watu wa Pemba. Katika umri wetu huu uliokwisha kupita miaka hamsini, mji mkubwa kabisa tuliowahi kuuona ulikuwa ni Unguja Mjini, na Tanga tuliingia mara moja tu kwa mazishi tukarudi. Kazi yetu ni chuo, na chuo chetu ni baraza ya nyumba na mikeka mitatu. Watoto waliosoma katika mikeka hiyo sasa ni watu wazima wenye wana wao. Watatu katika hao, mmoja seremala, mmoja mfanyabiashara wa karafuu, na mmoja mwalimu wa skuli, walitujia usiku mmoja baada ya sala ya Isha, wakakaa kwa adabu kama walivyokuwa wakikaa zamani.

"Maalim," akasema yule seremala, naye ndiye mkubwa wao, "vitabu ulivyotusomesha vilipigwa chapa Misri. Imamu wetu Shafi amezikwa Misri. Wasomaji wa Kurani uliotufundisha kuwasikiliza redioni ni wa Misri. Miaka thelathini unatutajia mji huo nawe hujauona. Tumechangishana. Nenda ukautazame, urudi utusimulie."

Wakaweka bahasha mbele yetu. Hatukuweza kusema neno kwa muda, kisha tukawaombea dua.

Khabari ya safari haifichiki katika mtaa. Siku mbili kabla ya kuondoka alitujia mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye mwanawe anasoma katika Chuo Kikuu cha Azhar na amekwisha miaka minne hajarudi nyumbani. Mkononi alikuwa na kofia ya viua, aliyoishona mwenyewe kwa muda wa miezi mingi, kazi safi kabisa. Akatwambia, "Maalim, macho yangu yamekwisha kuingia ukungu. Sindano siioni tena, na hii ndiyo kofia yangu ya mwisho. Nakuomba umpelekee mwanangu, na nakuomba uichukue mkononi, usiitie katika mizigo." Tukamjibu, "Ondoa shaka, Bibi." Ndivyo tulivyosema.

Usiku wa kufunga mizigo tukaona mkoba wa mkononi umejaa. Ndani yake mlikuwa na juzuu, dawa zetu, na makopo mawili ya halua ya Wete tuliyokusudia kuwazawadia wenyeji wetu. Badala ya kutoa kopo moja la halua, tuliizongazonga ile kofia katika kanga, tukaitia katikati ya sanduku kubwa, baina ya kanzu na sweta, tukijiambia kwamba hapo itakaa vizuri zaidi wala haitakunjika. Nafsi ya mwanadamu haikosi udhuru.

*

Tulivuka kwa boti mpaka Unguja, na siku ya pili tukawa katika kiwanja cha ndege tangu saa tano za asubuhi, ingawa ndege ilikuwa ya saa nane. Kampuni ya ndege hiyo hatutaitaja, wala hakuna faida ya kuitaja. Ilipofika saa nane tuliambiwa ndege imechelewa, tungoje hadi saa kumi. Saa kumi tuliambiwa tungoje hadi saa kumi na mbili. Ilipokaribia saa kumi na mbili tuliingizwa ndani ya ndege, tukafungwa mikanda, tukakaa saa nzima bila ya upepo, watoto wanalia na watu wazima wanajipepea kwa makaratasi. Kisha tukateremshwa, kwa sababu kuna kifaa kinatengenezwa. Hata tulipopandishwa tena na ndege ikaruka ilikuwa saa mbili za usiku.

Hatulalamikii kutengenezwa kwa kifaa. Afadhali msafiri akawie ardhini kuliko kuharakishwa angani na chombo kibovu, na nahodha yeyote wa jahazi anayajua hayo. Kilichotuumiza ni kwamba hakuna aliyetueleza lolote. Mtu akiambiwa ngoja kwa sababu hii, hungoja. Akiambiwa ngoja tu, huanza kudhani mabaya.

Ndege hiyo ilikuwa itufikishe katika mji mmoja wa Ghuba, na hapo tupande nyengine ya kutupeleka Cairo. Tuliteremka saa nane na nusu za usiku. Ile nyengine ilikuwa imekwisha kuondoka zamani. Watu zaidi ya mia tulisimama safu mbele ya dirisha moja, na dirishani alikuwapo binti mmoja peke yake. Safu ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Miguu ilituvimba, na usingizi na njaa vilitutawala. Ilipofika zamu yetu, yule binti alitazama karatasi zetu akatwambia kwa upole kwamba nafasi iliyopo ni ya kesho saa kumi za jioni, na kwamba hoteli zilizowekwa kwa abiria zimekwisha kujaa.

Hapo, ndugu wasomaji, tukapandisha sauti. Tulisema maneno ambayo mtoto wa chuo chetu akiyasema humsimamisha pembeni. Tulimwambia kwamba hawana haya, kwamba wanachukua fedha za masikini na kuwalaza chini kama mizigo, na kwamba yeye hakufunzwa na wazee wake namna ya kumtazama mtu mzima. Tulikuwa tukichanganya Kiarabu na Kiswahili kwa ghadhabu. Yule binti akainamisha kichwa, kisha akatujibu kwa Kiswahili safi cha Mombasa:

"Shikamoo, mzee wangu. Niwie radhi. Si mimi niliyeichelewesha ndege, lakini nitakutafutia njia."

Hatukuitikia hata ile shikamoo yake. Tuliondoka tukakaa juu ya viti vya chuma, tukiifunika miguu yetu kwa kilemba, na baridi ya mashine za kupozea hewa ikituingia mifupani. Katika maisha yetu tumesomesha mlango wa subira mara nyingi tusizoweza kuzihisabu. Usiku ule tulitahiniwa katika somo letu wenyewe, tukashindwa.

Ilipokaribia alfajiri tulimwona mtu amesimama mbele yetu. Alikuwa ni yule binti, zamu yake imekwisha, amevaa koti lake la kuendea nyumbani. Mkononi ana kikombe cha chai na mkate, na kwapani blanketi. Akasema, "Mzee wangu, nimeona kanzu yako nikajua utatafuta mahali pa kusalia. Msikiti uko ghorofa ya juu, upande wa kulia. Na karatasi yako hii hapa. Nimekuandikia kiti cha mbele kidogo, ili uweze kunyoosha miguu."

Tukamuuliza amesimama pale tangu saa ngapi. Akasema tangu saa kumi za jioni. Tukamuuliza ni watu wangapi waliomgombeza usiku ule. Akacheka kidogo, hakujibu. Tukasema, "Mwanangu, wa alaykumus-salaam na marahaba, zile ulizonidai tangu jana. Nimekukosea. Nisamehe." Akasema amekwisha kusamehe, na akatuomba tumwombee baba yake aliyeko Mombasa, mgonjwa wa sukari. Tukamwombea hapo hapo, na tunamwombea mpaka leo.

Msafiri ana haki ya kudai haki yake, tena adai kwa uwazi. Ila aangalie anamdai nani. Mara nyingi aliye mbele yetu dirishani si aliyetudhulumu, bali ni mtu wa mwisho aliyewekwa pale apokee hasira zilizostahili kupelekwa kwengine.

*

Tulifika Cairo siku ya Jumapili baada ya Magharibi. Katika ukumbi wa mizigo tulisimama mbele ya ule mkanda unaozunguka, ukazunguka na kuzunguka, watu wakachukua masanduku yao wakaondoka, mkanda ukasimama. Sanduku letu halikuwamo. Halua, iliyokuwa mkononi, imefika salama. Kofia ya mjane haijulikani iliko.

Nje alitungoja yule kijana mwenyewe, mwana wa jirani yetu. Tulipomwacha alikuwa mvulana asiyekuwa na ndevu. Sasa ni mtu mzima mwenye heshima yake. Akatubusu mkono. Alipoona tunatetemeka, kwani Cairo mwezi wa Januari ni baridi kali kwa mtu wa Pemba, alivua koti lake akatuvisha. Ndani ya teksi tulimweleza khabari yote, na ya kofia, na ya maneno ya mama yake, na ya makopo ya halua. Hatukupunguza kitu.

Kijana akanyamaza akitazama taa za njiani. Kisha akasema, "Maalim, wewe umefika, alhamdulillahi. Kofia, ikiwa imeandikwa, itafika." Hakusema zaidi. Sisi tulitamani aseme zaidi, hata kama ni kutulaumu.

Asubuhi yake alitupeleka tena uwanjani kuandikisha fomu ya mzigo uliopotea. Kile kijikaratasi kidogo kinachobandikwa nyuma ya tiketi, ambacho nusura tukitupe, ndicho kilichofanya jambo letu liwezekane. Karani alikisoma, akaandika namba, akasema tungoje. Basi tukaanza kungoja, na katika kungoja tukauona mji.

*

Ndugu wasomaji, Cairo ni mji mkubwa kwa namna ambayo macho yaliyozoea Wete hayaifikii mara moja. Mji pamoja na viunga vyake una watu zaidi ya milioni 20. Siku ya kwanza tulisimama ukingoni mwa barabara kwa muda wa robo saa tusiweze kuvuka, maana magari hayana mwanzo wala mwisho, na honi zao ni kama mazungumzo yao. Bibi mmoja mzee, mwenye kikapu cha mikate kichwani, alitutazama, akatushika mkono bila ya kutuuliza, akatuvusha, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo tuliusadiki wema wa watu wa mji huo.

Katika lugha tulipata mtihani mwengine. Miaka thelathini tunawafundisha watoto kuitoa herufi ya qaf mahali pake na jim mahali pake. Lo! Watu wa Cairo katika mazungumzo yao ya kawaida qaf wameigeuza kuwa hamza, na jim wameifanya ga. Tulipomsemesha dereva wa teksi kwa Kiarabu cha vitabuni, alisimamisha gari kando, akageuka nyuma akatutazama kwa furaha kubwa, akasema tunazungumza kama khatibu juu ya mimbari. Hakuchukua nauli kamili.

Tulipanda pia treni za chini ya ardhi, ambazo zilianza kufanya kazi mwaka 1987, nazo ni za kwanza za namna hiyo katika Afrika. Yako mabehewa yaliyotengwa kwa wanawake. Mtu huingia shimoni katika mtaa mmoja na kutokea katika mtaa mwengine, kama panya wa shambani, na kwa nauli ndogo.

Mji wa Cairo uliasisiwa mwaka 969 na jemadari Jawhar, na mwaka uliofuata ukaanzwa Msikiti wa Azhar, ukasaliwa mwaka 972. Tuliingia tukavua viatu, tukakanyaga marumaru nyeupe za uwanja wake. Katika ukumbi wa ndani palikuwa na shekhe ameketi chini ya nguzo, na wanafunzi wamemzunguka kwa duara, mmoja anasoma kitabu na shekhe anafasiri. Tukakaa nyuma yao. Kitabu kilikuwa cha fiqhi ya madhehebu yetu, na mas-ala yalikuwa ya udhu, yale yale tunayoyasomesha barazani kwetu. Hatuwezi kukuelezeni raha tuliyoiona. Tulikuja kutoka mbali kabisa tukidhani tutasikia mambo mapya, tukaukuta mlango wetu wenyewe uko wazi.

Nyuma ya Azhar, katika vichochoro, yako maduka ya vitabu. Hapa ndipo tulipojizuia kwa shida. Wengi wenu mnajua kwamba Msahafu uliopigwa chapa Cairo mwaka 1924 ndio uliosambaa duniani mpaka ukawa kama kipimo cha misahafu mingine, na vitabu vya chapa ya Misri vimejaa katika sanduku za masheikh wa pwani yetu tangu zama za wazee wetu. Tulinunua vitatu tu, kwa ajili ya uzito.

Mahali pengine palipotuduwaza ni Msikiti na Madrasa ya Sultani Hassan, ulioanzwa kujengwa mwaka 1356. Kuta zake ni kama majabali. Uwanja wake una kumbi nne kubwa pande nne, na kila pembe ina madrasa ya moja katika madhehebu manne, yenye vyumba vya wanafunzi. Sisi wenye mikeka mitatu tulisimama katikati tukainua vichwa mpaka shingo zikauma. Kadhalika tuliuzuru Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879, wenye mnara ambao ngazi yake huuzunguka kwa nje. Tulipanda mnara huo pole pole, na kutoka juu tukaona minara mingine isiyohisabika. Ndipo tukafahamu kwa nini watu huuita mji wa minara elfu.

Siku ya tatu tulimzuru Imamu Shafi, Mungu amrehemu. Imamu alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akafariki Misri mwaka 204, na kuba iliyo juu ya kaburi lake ilijengwa na Sultani Kamil mwaka 608 wa Hijra, yaani 1211. Kuba hiyo ni ya mbao iliyofunikwa kwa risasi, na juu yake, badala ya mwezi peke yake, kimewekwa chombo cha madini chenye umbo la mashua. Wenyeji husema kwamba zamani kilikuwa kikitiliwa nafaka za ndege. Sisi watu wa visiwani, tulioletewa madhehebu ya Imamu huyu kwa vyombo vya bahari, tuliitazama mashua ile kwa muda mrefu. Pale tulimsalimia Imamu na kuwaombea walimu wetu mmoja mmoja kwa majina. Yalichukua muda, maana ni wengi na wote wamekwisha kutangulia.

Jioni kijana wetu alitupeleka ukingoni mwa mto Nili. Tukamwambia, "Maji haya yametoka kwetu." Akadhani tunafanya mzaha. Lakini ndivyo hasa, kwani sehemu ya maji hayo hutoka katika ziwa Viktoria, linaloshirikiwa na Tanzania, Uganda na Kenya, yakashuka Sudan, yakakutana na yale ya Uhabeshi mjini Khartoum, na ndipo yakafika hapo. Zamani mto ulikuwa ukifurika kila mwaka, na katika kisiwa cha Roda iko nguzo ya marumaru iliyosimamishwa mwaka 861 ya kupimia kina cha maji, ili watawala wajue mwaka utakuwa wa neema au wa njaa. Tangu kukamilika Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970, mafuriko hayo hayafiki tena Cairo. Tulikula ful na taamiya kando ya mto, kisha koshari, nayo ni wali, dengu, makaroni, njegere na vitunguu vya kukaanga, vyote katika sahani moja. Aliyebuni chakula hicho bila shaka alikuwa na wageni wengi na vyungu vichache.

Usiku tulifungulia redio ya Kurani ya Cairo, iliyoanza mwaka 1964. Wazee wetu walikuwa wakiitafuta Cairo katika redio zao tangu miaka ya 1950, wakati matangazo ya Kiswahili ya huko yalipoanza mwaka 1954, na sauti ya Shekhe Abdul Basit ilikuwa ikijulikana Pemba na mtu asiyejua hata Misri iko upande gani. Sisi tulilala juu ya kitanda cha kukopa, tumevaa kanzu ya kukopa, tukisikiliza sauti hiyo kutoka karibu.

*

Lakini katika kila furaha tuliyoipata, kofia ile haikututoka rohoni. Tukiona kofia yoyote dukani, moyo unashituka. Mama yake kijana alipiga simu siku ya Jumatano. Kijana akazungumza naye, tukamsikia anasema, "Ndiyo mama, Maalim amefika salama." Mama akauliza kitu. Kijana akatutazama, kisha akasema, "Imo njiani, mama." Hakusema uwongo, na wala hakututia aibuni. Tulitoka tukaenda barazani, kwa kuwa hatukuweza kukaa mle chumbani.

Siku ya Alkhamisi, baada ya Alasiri, simu ililia kutoka uwanjani. Sanduku limeonekana. Lilibaki katika ule mji wa Ghuba, likapelekwa mji mwengine kwa makosa, kisha likarudishwa. Tulikwenda mbio. Kufuli yake imevunjika, mpini umekatika, na sweta letu hatukuliona mpaka leo. Tukaingiza mkono katikati ya kanzu, vidole vikagusa ile kanga. Tukaifungua pale pale mbele ya makarani. Kofia ilikuwa nzima, kila kiua mahali pake.

Tukamkabidhi kijana kwa mikono miwili. Aliishika karibu na macho, akazitazama zile nyuzi, na sehemu moja kando ya ukingo akaiona mshono umepotoka kidogo, umerudiwa mara mbili. Akasema, "Hapa hakuona." Akaibusu.

Ijumaa yake tulisali pamoja katika Msikiti wa Azhar, naye ameivaa. Baada ya sala mwenzake mmoja alimpiga picha kwa simu akiwa uwanjani, na picha ikafika Pemba kabla sisi hatujavaa viatu. Tuliporejea, jirani zetu walitusimulia kwamba mama hakuweza kuiona vizuri ile picha, akawa anamwuliza mjukuu wake, "Inamkaa? Inamkaa sawa kichwani?" na mjukuu akimjibu, "Inamkaa, Bibi." Siku ya pili ya kufika kwetu tulikwenda kwake tukamweleza tulivyofanya, tukamwomba radhi. Akasema, "Maalim, hata ungaliniambia mapema ningalikusamehe. Lakini vizuri umeniambia." Sasa wale wanafunzi wetu watatu wanashughulikia khabari ya kumpeleka hospitali akatazamwe macho.

*

Mwisho tunakuachieni mambo manne kwa anayekusudia safari ya ndege katika nyumba zenu.

La kwanza, amana ya mtu ichukueni mkononi, na ikiwa mkono hautoshi, punguzeni cha kwenu.

La pili, mkiunganisha ndege mbili wacheni nafasi kubwa baina yao, na dawa zenu, nguo moja ya kubadilisha na kitu cha baridi viwe katika mkoba mdogo.

La tatu, kile kijikaratasi cha mzigo kitunzeni kama mnavyotunza paspoti. Na mjue kwamba yako Mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, yanayofuatwa na nchi nyingi, ambayo kwayo mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, uliocheleweshwa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa, na ambao haukufika kabisa kwa siku 21 msafiri ana haki ya kuudai kama uliopotea. Dai lililoandikwa vizuri lina nguvu kuliko ukelele.

La nne, mkimgombeza mtu asiyekuwa na kosa, msingoje arudi yeye na chai ndipo mumwombe radhi. Sisi tulibahatika alirudi. Si kila mtu hurudi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kwamba safari haikosi taabu, na kwamba aliyemaliza haja yake na arejee upesi kwa watu wake. Sisi tumemaliza haja yetu, tumerejea, na mikeka mitatu iko pale pale. Watoto wametuuliza kama Cairo ni kubwa kuliko Chake Chake. Tumewajibu kwamba ni kubwa, lakini mlango wa udhu ni ule ule, basi wafungue vitabu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.